Majimaji ya mnyoo wa baharini: EDTA iache kabatini

Mnyoo wa baharini, awe Nereis au Arenicola, hana kingamwili. Sehemu ya kinga yake ni protini anazozaliwa nazo, zinazotambua alama zilizo kwenye kuta za bakteria na kuvu: lektini hushika sukari, nyingine hushika peptidoglikani, kiungo cha ukuta wa bakteria. Nyingi huelea katika majimaji yaliyo kati ya utumbo na ukuta wa mwili. Kipimo cha lektini ni kuchanganya majimaji hayo na seli nyekundu za damu kwenye vishimo, uone kama zitashikana. Ukiyaharibu majimaji, hakuna kipimo kitakachokuokoa.

Mweke mnyoo saa 24 kwenye maji ya bahari yaliyochujwa kwa mikroni 0.22, bila mchanga, ili ajisafishe utumbo. Mkaushe ute kwa karatasi. Ute huo una bakteria na protini zake. Ingiza sindano nyembamba ubavuni, juujuu tu. Majimaji yakitoka mekundu, umetoboa mshipa, na himoglobini yake kubwa itafunika kila kitu kwenye jeli ya kutenganisha protini. Yakiwa ya kahawia ni utumbo: mwaga. Meupe kama maziwa? Huyo amepevuka na mbegu zimejaa mwilini; tafuta mdogo zaidi. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 500 g (mara 500 ya nguvu ya mvutano wa dunia), dakika 10, nyuzi 4, uchukue ya juu.

Watu wengi hutia EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu, mapema ili seli za mnyoo zisigandane. Kwa kuhesabu seli, sawa. Kwa lektini ni kosa, kwa sababu nyingi hazishiki sukari bila kalsiamu, na EDTA huinyakua yote. Hata dawa ya kuzuia vimeng'enya vya protini nunua isiyo na EDTA.

Kabla ya kupima, badilisha chumvi. Majimaji haya yana chumvi karibu sawa na bahari, mara tatu ya damu ya mamalia, kwa hiyo seli nyekundu hunywea na vishimo vya kwanza husomeka vibaya. Yaweke kwenye mfuko wa dayalisisi (hupitisha chumvi, hubakiza protini) usiku mzima katika bafa, yaani kimiminika kinachotuliza pH, ya Tris milimola 20, NaCl milimola 150, pH 7.4, na CaCl2 milimola 10. Usitumie bafa ya fosfeti: pamoja na kalsiamu hutoa mashapo meupe yanayodanganya jicho.

Zimua nusu kwa nusu kwenye sahani ya vishimo vyenye kitako cha mviringo, mikrolita 25 kila kimoja, ongeza mikrolita 25 za seli nyekundu za sungura za asilimia 2, subiri saa moja. Kitone chekundu katikati maana yake hakuna kilichoshikana. Utando uliotandazwa chini ndio jibu unalotafuta. Maji yakiwa mekundu yote bila kitone, seli zimepasuka: hiyo ni protini ya kutoboa, si lektini, na wengi huzichanganya.

Sasa ndipo EDTA inapofaa: safu ya pili ya vishimo itie milimola 20. Utando ukipotea, kisha ukarudi ukizidisha kalsiamu, hapo ndipo sukari zinapofaa kujaribiwa, kuona lektini inashika ipi: galaktosi, manosi na N-asetiliglukosamini, milimola 100 kila moja.