Barua kwa mwanangu: singo moja moja au albamu?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, sisi huku Tabora hatujambo. Umeuliza kama nyimbo zako nane uziweke kwenye albamu, au albamu zimepitwa na wakati kwa kuwa watu wanasikiliza wimbo mmoja mmoja kwenye simu. Albamu toa, lakini isiwe ndiyo inayokutambulisha. Hiyo ni kazi ya singo, yaani wimbo unaotoka peke yake, tangu zamani. Muziki wa Tabora Jazz, bendi ya dansi ya hapa kwetu, uliwafikia watu kwa redio na kwa santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo upande mmoja ulibeba dakika tatu nne tu. Dansi ndefu ilikatwa vipande viwili, chemko, pale muziki unapokolea, likaangukia upande wa pili.

Kwanza kabisa, prodyuza azimasta zote nane, yaani azisawazishe sauti kwa mara ya mwisho, kwa mkupuo mmoja, kabla hata singo ya kwanza haijatoka. Zikimastiwa kwa miezi tofauti, albamu itasikika kama imeokotwaokotwa: besi nzito hapa, sauti kavu pale. Wala asizibane ili zipige kelele. Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, huzishusha hadi karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), na utabaki na wimbo uliokosa pumzi.

Halafu chagua tatu, uzitoe moja moja kwa kupishana wiki tano au sita. Spotify inakuruhusu kupendekeza kwa wahariri wa pleilisti, yaani orodha zake za nyimbo, wimbo mmoja kwa wakati, tena ambao haujatoka. Ukizimwaga nane siku moja, saba zimekosa nafasi hiyo. Faili zimfikie msambazaji, yule anayezipeleka nyimbo Spotify, wiki nne kabla, na pendekezo liingie walau siku 7 kabla.

Wengi huharibu wanapofika kwenye albamu. Wanapandisha upya singo zilizokwisha kutoka, msambazaji anazipa ISRC mpya, yaani namba ya utambulisho wa rekodi, na hesabu ya wasikilizaji inaanza sifuri. Mpe ISRC ileile, faili ileile, na jina lako herufi kwa herufi kama mwanzo. Hata nafasi tupu moja ikizidi kwenye jina, unaweza kujikuta na kurasa mbili za msanii.

Mpangilio ndio roho ya albamu, usiukimbie. Singo zote tatu ukizirundika mwanzoni, msikilizaji ataona ameshasikia kila kitu. Ziweke ya kwanza, ya nne na ya saba. Wimbo wa kufungua uingie kwenye kuimba mapema, maana Spotify haihesabu kuwa umesikilizwa mpaka sekunde 30 zipite. Ule wenye gitaa refu mwanzoni, mzuri kweli, uwe wa sita. Atakayefika hapo ameshakaa kitako. Naomba usiukate.

Ukizisikiliza zote nane mfululizo na mbili zikakataa kukaa na wenzake, ziondoe, sita zilizobaki ziwe EP, yaani albamu fupi.

Nitumie orodha yako kabla hujamlipa mchora kava.

Baba yako