Maswali ya Wasomaji: Daraja Dogo la Richmond Lina Thamani Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba daraja dogo la mawe lililoko Richmond, kisiwani Tasmania, limo katika orodha ya urithi wa taifa la Australia. Linavuka mto mwembamba tu, na inasemekana limekwisha kufanyiwa matengenezo makubwa. Je, lina thamani gani hasa, na baada ya matengenezo hayo linaweza kuitwa la kale?

JIBU: Ndugu msomaji, ukubwa si kipimo cha urithi, kinachotazamwa ni kile ambacho daraja linatueleza kuhusu nchi ilivyokaliwa na kulimwa, na ni jasho la nani lililotumika. Bonde la Mto Coal, ndio mto ambao daraja hilo linauvuka, lilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kulimwa ngano na walowezi baada ya Hobart, mji mkuu wa Tasmania, kuanzishwa mwaka 1804, katika ardhi ambayo wenyeji wa asili walikuwa wakiitumia kwa maelfu ya miaka. Ngano ya kisiwa hicho ilisafirishwa hadi Sydney, lakini ilibidi kwanza ivushwe mto, na mto ulipofurika, maksai na mikokoteni ilikwama ukingoni. Mwaka 1820 Kamishna John Thomas Bigge, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuyachunguza makoloni yake ya Australia, alipendekeza lijengwe daraja. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 1823 na kazi ikakamilika mwaka 1825, ilhali Richmond yenyewe ilitangazwa kuwa mji mwaka 1824, jambo linaloonyesha kuwa mashamba na njia ya kuyafikia ndivyo vilivyouzaa mji.

Waliolijenga ni wafungwa waliohamishwa kwa nguvu kutoka Uingereza na Ireland, ambao walichonga mawe ya mchanga na kuyapanga kwa matao bila malipo wala hiari. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sehemu ya urithi huu inayosahaulika upesi zaidi, kwa kuwa picha za watalii huonyesha bata na majani mabichi, na hazionyeshi nyapara.

Kunusurika kwake, kwa kiasi kikubwa, kulitokana na bahati mbaya ya mji. Mwaka 1872 ilifunguliwa barabara ya tuta, yaani iliyoinuliwa juu ya maji, kupitia mji wa Sorell, ikafupisha safari ya kutoka Hobart kwenda mashariki, na wasafiri wengi wakaacha kupita Richmond. Biashara ilipopungua, haja ya kubomoa majengo ya zamani ili kujenga mapya ilipungua pia.

Kuhusu matengenezo, ni kweli kwamba mwaka 1884 nguzo zilifanyiwa kazi kubwa, na ncha zake kali zinazoukata mkondo wa maji, ambazo leo ndizo zinazolipa daraja sura yake, ni za wakati huo. Hata hivyo, Mkataba wa Burra, uliopitishwa Australia mwaka 1979 kuongoza uhifadhi, unataka mchango wa kila kipindi uheshimiwe, na mabadiliko yafanywe kwa kadiri inavyolazimu tu. Kuziondoa ncha hizo ili kurudisha sura ya mwaka 1825 kungekuwa kufuta kumbukumbu ya mafundi waliofuata, tena kwa kukisia.

Matengenezo ya kuogopwa ni yale ya kuziba viungo vya mawe laini kwa saruji. Chokaa, ambayo waashi wa zamani waliitumia kuunganisha mawe, ni laini na hupitisha unyevu, hivyo maji yaliyoingia hupata njia ya kutoka, na kiungo ndicho kinachochakaa, nacho huweza kujazwa upya. Saruji huyafungia maji ndani ya jiwe, uso wake ukaanza kumomonyoka, na jiwe lililomomonyoka haliwezi kurudishwa.

Daraja hilo liliingizwa katika orodha ya taifa mwaka 2005, na magari yanaendelea kulipita. Ukibahatika kufika, shuka ukingoni upande yanakotoka maji, kwani kutoka barabarani hutaziona nguzo tulizozitaja.