Treni hufika: namna nilivyoisoma hadithi fupi isiyo na kipande cha nne

Mleta uzi, swali lako nimeliona tangu jana usiku na majibu ya wadau nimeyapitia yote. Wengi naona wametoa mji mapema. Mmoja kasema hadithi haina ploti, mwingine kasema mwandishi alikuwa anajifurahisha tu, wa tatu kakumwagia dhamira tano kama kazitoa kwenye daftari la mwaka juzi: umaskini, elimu, mapenzi ya mama, matabaka, ugumu wa maisha. Hakuna hata mmoja aliyenukuu mstari wa hadithi yenyewe. Basi nami niseme, maana hadithi hiyo nimeifundisha kidato cha tano hapa Dodoma miaka minne, na mwaka wa kwanza niliifundisha hovyo.

Kwa ambao hawajaisoma: ni hadithi ya kurasa nne. Vipande vyake vina namba, ila vimepangwa hivi: 5, 2, 7, 1, 3, 6. Cha 4 hakipo. Mama mmoja asiye na jina yuko stesheni, anasubiri treni. Kipande cha 5 ni orodha ya vitu vilivyomo kwenye kikapu chake, basi. Cha 1 kinasimuliwa na benchi analokalia. Cha 3 ni sentensi sita zinazokaribia kufanana. Mleta uzi anauliza kama kuna ploti humo, dhamira ni ipi, na kama benchi ni mhusika.

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza nilipoipata hadithi hii nilirudi steshenari kugomba. Nilijua kijana wa fotokopi kanirukia ukurasa. Tukahesabu pale kaunta, namba za chini zinafuatana, 61 mpaka 64, hakuna iliyoruka. Nikamwomba radhi, nikalipa na kopi nyingine ambayo sikuihitaji. Kwa hiyo aliyeandika hapo juu kwamba "labda faili lako bovu" msimcheke. Kauliza swali la maana kuliko wote. Kabla hujafasiri pengo, hakikisha pengo ni la mwandishi, si la mashine. Ukishahakikisha, pengo hilo nalo ni maandishi, linasomwa kama sentensi.

Sasa darasani. Hii hapa orodha ya kikapu, yaani kipande cha 5 chote:

"Kanga doti moja. Unga wa uwele kilo mbili. Karanga za kukaanga. Viatu vya shule, vyeusi, namba 34. Tochi, haina betri. Barua, haijafunguliwa."

Mimi nikaandika ubaoni: dhamira ya kwanza, umuhimu wa elimu, ushahidi, viatu vya shule. Wanafunzi wakanakili. Nikaendelea hivyo karibu wiki tatu, kwa raha zangu. Siku moja binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Mama yake alikuwa anauza viatu vya mtumba soko la Sabasaba, na yeye Jumamosi ndiye alikuwa anapanga jozi.

"Mwalimu, samahani. Namba 34 ni ya mtoto wa darasa la nne hivi."

"Sawa. Kwa hiyo?"

"Kipande cha pili kinasema mwanawe amevaa joho."

Nikafungua. Kweli. Kipande cha 2 kijana anashuka kwenye behewa na joho jeusi na kofia ya pembe nne, tena ni mrefu hadi anagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Sasa mtu wa kugonga kichwa mlangoni anapelekewa viatu namba 34 vya nini? Ule "umuhimu wa elimu" wangu ulikufa palepale ubaoni. Viatu vile si habari ya shule. Ni kipimo cha saa ya huyu mama ilisimama lini.

Hapo ndipo nilipokumbuka kisa tulichosimuliwa utotoni kuhusu jina la mji wetu. Wengi mnakijua kile cha tembo aliyekwenda kunywa maji kijitoni akazama kwenye tope, watu wakasema "idodomya", amedidimia. Kipo na cha pili, na Wahehe mnisamehe, Wagogo wenzangu nanyi mnisamehe zaidi. Ng'ombe wa Wahehe waliibwa, wakachinjwa, wakaliwa, ikabaki mikia. Wenyewe walipokuja kuwatafuta wakakuta mikia imechomekwa kwenye tope, wakaambiwa: ng'ombe wenu hao, idodomya. Msomaji wa hadithi ya aina hii ni Mhehe aliyesimama mbele ya ile mikia. Akikubali anachoambiwa, anakwenda nyumbani na maelezo safi na hana ng'ombe. Namba 34 ni mkia. Yule binti aliuvuta, ukatoka mtupu, tukajua kuna jambo limefichwa.

Kwa hiyo ploti ipo, mleta uzi. Tunalochanganya ni mambo mawili: yaliyotokea, na namna yalivyopangwa tuyasome. Wanazuoni wa Kirusi miaka ya 1920 na kabla yake kidogo, akina Viktor Shklovsky, walitenga hayo mawili na kuyapa kila moja jina lake. Sisi tunayo maneno ya kutosha, kisa na msuko, ila darasani tunayatumia kama ni kitu kimoja.

Nilichofanya: nilikata kopi yangu kwa mkasi (ile niliyolipia bure) nikavipanga vipande sakafuni kwa kufuata namba. Cha 1, benchi linasema mama alikuja "na mkono mdogo ndani ya mkono wake", akaondoka mikono mitupu. Mtoto kapandishwa treni ya Tabora kwenda kusoma kwa mjomba. Cha 2, joho. Cha 3, zile sentensi sita. Cha 4, hakuna. Cha 5, kikapu. Cha 6, mpiga kengele anamwambia "Mama, nenda nyumbani, kesho ipo." Cha 7, benchi la mbao limeng'olewa, limewekwa la chuma, na mama kakaa palepale. Kisa hicho ni chepesi, hata mtoto anakielewa: mtoto aliondoka, likatokea jambo, mama akabaki anasubiri.

Baada ya hapo rudisha vipande kwenye mpangilio wa mwandishi, ujiulize kwa nini kavivuruga. Tunaanza na kikapu, kwa hiyo viatu tunakutana navyo kabla ya mtoto, na tunasubiri pamoja na mama bila kujua tunasubiri nini. Angalia sasa nafasi ya nne. Habari iliyokosekana ilitakiwa ikae hapo. Aliyekaa hapo ni kipande cha 1, siku ya kuagana. Kila mama akikaribia kuambiwa, anarudi kwenye kumpandisha mtoto behewani. Hilo hakulisema popote kwa maneno, kalisema kwa kupanga. Mimi hapo nilivua kofia.

Kuna kijana alisisimka akaanza kujumlisha namba zote, mara cha 2 kipo nafasi ya pili, cha 6 nafasi ya sita, kwa hiyo mbili mara tatu... Nikamwambia kaa chini, sasa unapiga ramli. Mpangilio ukikubaliana na maneno ya hadithi, utumie. Ukisimama peke yake, uache.

Nije kwenye kipande cha 3, ambacho wadau wote wamekiruka na ndicho moyo wenyewe:

"Treni itafika. Treni inafika. Treni imefika. Treni ilifika. Treni ingefika. Treni hufika."

Kuna aliyesema huku ni kujaza ukurasa. Ndugu yangu, soma viambishi. Nomino ni ileile, mzizi wa kitenzi ni uleule, kinachosogea ni kiambishi tu. -ta-, ana tumaini. -na-, anaiona ikija. -me-, imesimama mbele yake. -li-, imekwisha pita. Kisha -nge-, na hapo msomaji uliyelelewa na Kiswahili tumbo linakukata, maana -nge- kwa kawaida haiji peke yake. Ingefika, kama nini? Sharti halikutajwa. Sharti ndilo kipande cha 4. Halafu ya mwisho, hu-. Treni hufika. Haina jana wala kesho, ni ada, kila siku. Treni haina kosa lolote, inakuja kama kawaida. Asiyekuja ni mtu. Msuko mzima wa hadithi umo ndani ya sentensi zile sita, na sidhani kama ungeweza kuandikwa hivyo katika lugha isiyo na viambishi vyetu.

Kuhusu dhamira nitasema kwa ufupi japo wengi hamtapenda. "Umaskini" ni mada. "Kusubiri" ni mada. Ukiandika neno moja umetaja kijiji hujafika nyumbani kwa mtu. Dhamira iandike kama kauli inayoweza kubishiwa. Mimi niliandika: anayenyimwa habari ya mwisho hubaki kwenye saa aliyoachwa, hata dunia ikisonga. Iko kwenye viatu, iko kwenye benchi lililobadilika akabaki yeye, iko kwenye hu-. Vipande vitatu vinaibeba. Hicho ndicho kipimo changu: ikibebwa na kipande kimoja tu, naitilia shaka.

Je, mtoto alikufa? Darasa liligawanyika. Yule binti alisema amekufa akiwa na miaka tisa au kumi na joho ni ndoto ya mama. Mvulana mmoja akasema yu hai, kasoma, kawa mkubwa mjini, hakurudi. Viatu ni vile ambavyo mama hakuwahi kumpa. Walibishana hadi kengele ikalia na wakaendelea nayo bwenini. Mimi niko upande wa binti, lakini siwezi kumnyima mvulana maksi, kwa sababu maandishi yanamruhusu. Aliyedai humu kwamba treni ni uhuru wa nchi na mama ni wananchi, yeye anionyeshe neno moja tu linalompeleka huko. Moja.

Jambo la mandhari msilipite. Wanafunzi wangu wa sasa wamezoea treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024: Dar mpaka stesheni ya Mkonze hapa Dodoma kwa kama saa tatu na ushee. Kwao kusubiri treni ni kuchezea simu nusu saa. Hadithi hii iko kwenye reli ya zamani, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, yenye kengele na wauza karanga, enzi ambazo mtu anakuja stesheni na kanga ya kujifunika kwa sababu hajui atalala pale au la. Ndiyo maana hakuna anayemshangaa huyu mama kwa muda mrefu. Kusubiri kwake kulifanana na kwa wengine wote, mpaka wengine walipopanda wakaondoka.

Na huu msemo kwamba waandishi wa majaribio, yaani wanaovunja mpangilio wa kawaida, ni watu walioshindwa kusimulia hadithi iliyonyooka, tuuache. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971, hadithi inakwenda hata bibi yako anaifuata, miaka ishirini baadaye ndipo akaja na Nagona na Mzingile ambazo zimewatoa jasho walimu wenzangu hadi leo. Alijua njia iliyonyooka kabla hajaiacha.

Kama ni ya mtihani, muundo usiandike "hauna". Andika kwamba matukio hayakufuata mfululizo, taja kisengerenyuma (kurudi nyuma) cha kipande cha 1 na kiangazambele (kuruka mbele) cha kipande cha 7, kisha eleza kimefanya kazi gani. Ukitaja jina la muundo bila kazi yake utapata nusu.

Benchi ni mhusika? Ndiyo, na ni shahidi pekee asiye na maslahi. Linasema linachokihisi tu: uzito, mkono, nani kaondoka. Halijui sababu. Na kipande cha 7 linapong'olewa, shahidi wa ile siku ya kuagana ameondoshwa, hakuna tena wa kuthibitisha kwamba mtoto alikuwepo. Hilo nililiona mwaka wa tatu wa kufundisha, msidhani niliamka nalo.

Imebaki barua. Mtu anaisubiri habari miaka yote hiyo na habari iko kikapuni, chini ya tochi isiyo na betri, haijafunguliwa. Hajui kusoma? Anajua kilichomo? Kaiandika yeye mwenyewe haikutumwa? Nimejibu kila mwaka tofauti na hakuna jibu lililonikalia. Hapo natoa mji. Chukueni Kondoa, mnijibu.