Legacy BP5 na rimu 18x8.5 ET35: zitafunga, ila hazitalala sawa na fenda

Mkuu, umeuliza kama Subaru Legacy yako BP5, yenye rimu zake za 17x7 ET55 (kipenyo inchi 17, upana inchi 7) na tairi 215/45R17, itakubali hizo 18x8.5 ET35 ulizopewa kwa bei nzuri, ili tairi ilale sawa na ukingo wa fenda. Zitafunga, lakini zitatokeza nje. Hesabu yake ni ya dakika mbili, ifanye kabla hujatoa pesa.

ET, au ofseti, ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaogusana na habu. ET ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo, inatoka kuelekea fenda. Wengi wanasema "55 toa 35 ni 20, basi itatoka milimita 20", wanausahau upana. Hizo inchi moja na nusu unazoongeza zinagawanyika: 19 nje, 19 ndani, kisha ofseti inausogeza mzigo wote.

Chukua upana wa rimu kwa inchi, zidisha kwa 25.4, gawa kwa mbili. Toa ET, unapata ukingo wa nje ulivyo mbali na habu. Kwenye nusu hiyohiyo jumlisha ET, unapata wa ndani. Kwa 7 ET55 ni 33.9 nje na 143.9 ndani. Kwa 8.5 ET35 ni karibu 73 nje na 143 ndani. Yaani ndani hujapoteza kitu, umepata hata milimita moja, ila nje umesogea 39. Sasa jaribu 8 ET45: 56.6 nje na 146.6 ndani. Hapo unatoka 22.7 nje na kuingia 2.7 tu ndani. Hiyo ndiyo ningeifunga kwenye BP5 isiyoshushwa sana. 8.5 ET45 inawezekana pia (29 nje, 9 ndani), ila hapo kila milimita ina deni lake.

Kinachogusa fenda, lakini, ni tairi. 215/45 kwenye rimu ya inchi 7 ina upana wa kama milimita 213, na ubavu wake umevimba kidogo kupita rimu. 225/40R18 kwenye inchi 8 ina kama 230, ubavu karibu umesimama wima. Kwa hiyo ukihamia 8 ET45 rimu inatoka 22.7, lakini ubavu wa tairi unatoka 18 au 19 tu. Ndiyo maana utasikia mtu akiapa kwamba yake haikusogea kiasi hicho. Alipima tairi, mwenzake alipima rimu.

Kipimo cha fenda hakitafutwi mtandaoni. Egesha pa tambarare, upepo sahihi, usukani umenyooka. Usipime mara tu baada ya kushusha jeki: gari likishuka linakaa juu kidogo na magurudumu hayajarudi mahali pake. Lisukume mbele na nyuma mita kadhaa litulie. Ning'iniza timazi (uzi na nati nzito inatosha) kutoka ukingo wa fenda, juu kabisa katikati ya gurudumu, kisha pima toka kwenye uzi hadi pale tairi ilipotokeza zaidi. Pima pembe zote nne. Kushoto na kulia hutofautiana, hasa gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa, na pembe yenye nafasi ndogo ndiyo inayoamua. Ndani, pima nafasi kati ya tairi na shokapu, pamoja na kikombe cha springi kwa juu.

Tuseme timazi imekupa 22. Kwa 8 ET45 na 225/40R18 inabaki kama 3, safi. Kwa 8.5 ET35 na tairi hiyohiyo, ubavu unatoka kama 31, kwa hiyo unapita fenda kwa milimita 9. Utaambiwa ongeza kemba, yaani ulaze gurudumu kwa juu kuelekea ndani. Digrii moja ya kemba inavuta sehemu ya juu ya tairi ndani kwa milimita 5 au 6, basi utahitaji karibu digrii mbili juu ya ile iliyopo. Tairi italiwa upande wa ndani huku nje bado inang'aa, na mara nyingi utagundua waya zikiwa zimeshatokeza.

Mbele kuna jambo ambalo timazi haionyeshi. Kadiri gurudumu linavyotoka nje, ndivyo linavyochora duara kubwa zaidi ukikata kona. Tairi iliyolala vizuri usukani ukinyooka inaweza kugusa mwisho wa bampa au plastiki ya ndani ya fenda ukigeuza mpaka mwisho. Usukani nao unaanza kufuata mifereji ya barabara na kukupiga mikononi kwenye mashimo, na beringi za habu zinabeba mzigo zaidi. Milimita 20 gari linavumilia vizuri. 39 utazisikia.

Kipenyo: 215/45R17 ni 625, 225/40R18 ni 637, tofauti isiyofika asilimia 2. Spidomita itasoma pungufu kidogo tu. Lakini hii ni Subaru, inavuta magurudumu yote manne: weka saizi moja na uchakavu unaolingana kote. Habari za tairi nene nyuma na nyembamba mbele waachie wenye magari ya kuvuta nyuma, la sivyo utachoma kapulingi ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Angalia pia namba ya mzigo: ya kiwandani ni 87, yaani kilo 545 kwa tairi. 225/40R18 ya 88 au 92 iko salama. 215/40R18 ya 85 usinunue, hata kama inapendeza ilivyovutwa kwenye rimu pana kuliko yake. Ubavu mwembamba uliovutwa, likija shimo moja usiku, rimu inakunjwa.

Sasa mtego unaokamata watu wetu wengi. BP5 ni 5x100 (nati tano kwenye duara la milimita 100), tundu la katikati la rimu, linalokaa kwenye habu, 56.1, stadi (boliti za habu) M12x1.25, yaani unene milimita 12 na uzi wa 1.25. Rimu za Toyota za 5x100, kama za Wish au Caldina, zina tundu la 54.1. Matundu ya nati yanalingana kabisa, lakini tundu ni dogo, rimu haikai kwenye habu. Fundi akiilazimisha kwa nati, inakaa upande. Rimu za dukani mara nyingi ni 73.1, hizo zinahitaji ringi za 73.1 kwa 56.1, la sivyo gari linatetemeka ukivuka kama 80 na balansi haitalitibu. Nati za Toyota ni M12x1.5: zinaingia raundi mbili, zinakaza, na ukiendelea na spana ya upepo unaila stadi. Anza kwa vidole kila mara. Nati ya 1.25 inapaswa kuingia raundi kumi kamili. Zikipungua kwa sababu ya spesa (kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu), toa spesa au weka stadi ndefu. Adapta ya 5x114.3 yenye unene wa 20 inageuza ET45 kuwa ET25, usisahau kuiingiza kwenye hesabu.

ET haisemi lolote kuhusu kalipa ya breki. Jaribisha rimu moja tupu mbele kabla ya kuvalisha tairi, izungushe kwa mkono, acha angalau milimita 3 kati ya spoki na kalipa.

Baada ya kufunga, kaza kwa mtindo wa nyota, Nm 100, rudia baada ya kilomita 100. Bandika utepe wa karatasi ndani ya ukingo wa fenda, panda gurudumu moja juu ya ukingo wa barabara, geuza usukani mpaka mwisho pande zote, kisha pakia watu watano na upite tuta taratibu. Utepe uliochanika unakuonyesha pa kukunja fenda, na fenda hukunjwa rangi ikiwa imepashwa moto, la sivyo inapasuka na kutu inaanzia hapo. Ukimaliza, peleka alaimenti. Boliti ya juu ya shokapu ya mbele ni ya kurekebishia kemba, kwa hiyo kwa mbele huna haja ya kununua kifaa kingine.