Matairi ya pikapu ya kazi: maswali yenu na majibu

Safari hii maswali yote ni ya matairi, na karibu wote mlioandika mna pikapu za kazi: Land Cruiser, Hilux, D-Max, zile zinazobeba mzigo wa kweli kila siku. Nimeyaweka pamoja kwa sababu yana tatizo moja. Watu wanaangalia saizi, wanaangalia kashata (ule uso wenye mikato unaogusa barabara), wanauliza bei, basi. Namba inayosema tairi linabeba kilo ngapi hakuna anayeisoma, na ndiyo ningependa muisome kabla ya kitu kingine chochote.

Fundi, nabeba viazi kutoka Makete hadi Makambako kwa Land Cruiser pikapu ya rimu 16. Dukani nimeonyeshwa matairi ya aina mbili, yote 245/75R16. Moja limeandikwa 111S. Lingine lina herufi LT mwanzoni na 120/116 mwishoni, na bei yake imechangamka. Muuzaji anasema saizi ni ileile, nichukue la bei nafuu. Nifuate ushauri wake?

Usiufuate, kaka. Saizi ni ileile ila kazi ni tofauti. Hiyo 111 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,090, upepo ukiwa umetimia. Hilo ni tairi la gari la kutembelea. Namba 120 ni takriban kilo 1,400. Ile 116 iliyo baada ya mkwaju ni ya magari yanayofunga matairi mawilimawili kila upande wa nyuma, kwa hiyo wewe haikuhusu. LT ni alama ya tairi lililotengenezwa kwa magari madogo ya mizigo.

Sasa piga hesabu ya gari lako. Tuseme nyuma, likiwa tupu, ekseli inabeba kilo 900. Unapakia magunia kumi, unahesabu kilo mia kwa kila gunia, unasema ni tani moja. Lakini wewe na mimi tunaijua lumbesa. Gunia likishafungwa kichwa, kilo 130 linafika bila shida. Tani yako imekuwa kilo 1,300, na kwenye pikapu karibu mzigo wote huangukia ekseli ya nyuma. Jumla kilo 2,200, gawa kwa matairi mawili: 1,100 kila moja. Tairi la 111 limeshazidiwa hata kabla hujaondoka shambani, na bado hujakutana na shimo wala kona ya mteremko, ambapo uzito wote hulalia upande mmoja. Wamarekani kwenye kanuni zao huchukua uwezo wa tairi la gari la abiria na kuugawa kwa 1.1 likifungwa kwenye pikapu. Kwa hesabu hiyo 111 yako inabaki na kilo 990 tu.

Chukua la LT. Usikisie uzito, nenda kwenye mizani ya mazao, pandisha magurudumu ya nyuma peke yake gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, usome. Na tairi imara haliongezi uwezo wa springi, ekseli wala breki. Kikomo cha gari alichokiweka mtengenezaji kinabaki palepale, na lumbesa yenyewe Wakala wa Vipimo wameshaikataza.

Kuna matairi yameandikwa 8PR, mengine 10PR. Ina maana ndani kuna nyuzi tabaka nane au kumi? (Dereva, Tunduma)

Zamani ilikuwa hivyo, nyuzi zilipokuwa za pamba. Siku hizi tairi la 10PR lina tabaka chache tu, ila nguvu yake ni sawa na ya tabaka kumi za zamani. Kwenye matairi ya LT utaona pia herufi: C ni 6PR, D ni 8PR, E ni 10PR. Kwa pikapu inayobeba tani, mimi naanzia D, na ningependa zaidi E.

Nimenunua matairi ya 10PR kama ulivyoshauri zamani, lakini gari tupu linadunda mno, abiria wa mbele wanalalamika. Fundi pancha amenipunguzia upepo hadi psi 35 (psi ni kipimo cha upepo) pande zote, na sasa gari limetulia. Pia anasema safari ndefu ya jua nipunguze zaidi ili matairi yasipasuke. Yuko sahihi? (Msambazaji wa saruji, Dodoma)

Kwa gari tupu nakuelewa, na unaweza kushuka hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kwa gari lenye saruji, hapana, na ile ya kupunguza kwa sababu ya jua ndiyo inayoua watu.

Tairi lenyewe halibebi mzigo, kinachobeba ni upepo uliomo ndani. LT245/75R16 la 10PR hubeba karibu kilo 1,400 likijazwa psi 80. Tairi hilohilo likiwa na psi 50 hubeba kama kilo 1,000, sawasawa na la 6PR. Umelipia nguvu halafu umeitoa kwa mpira wa pampu. Ukishuka hadi 35 na mifuko ya saruji nyuma, ubavu wa tairi unakunjika na kunyooka kila mzunguko, mamia ya mara kwa dakika, na kule kukunjika ndiko kunakozaa joto. Joto likizidi, mpira huachana na nyuzi za waya. Zile ngozi ndefu nyeusi za matairi mnazoziona pembeni mwa barabara ya Dodoma kwenda Singida, nyingi zimeanzia hapo.

Upepo ukipanda kidogo tairi likipata moto ni jambo la kawaida, watengenezaji wameshaliweka kwenye hesabu zao. Usitoe upepo tairi likiwa la moto. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji yako mwenyewe, kwa sababu geji nyingi za vituoni zimechoka. Hakikisha tu rimu zako zinaruhusu psi unayotaka kujaza.

Matairi ya mtumba kutoka Japani yana kashata nzito na bei nzuri. Yanafaa? (Mwenye pikapu ya kubeba samaki, Tanga)

Mengi hayafai kwa kazi yako, na kashata nzito isikudanganye. Tafuta ubavuni neno DOT, ufuate mpaka mwisho uone tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama upande mmoja tarakimu hizo hazipo, geuza tairi, mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu. Watengenezaji wakubwa husema tairi likifikisha miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifikisha kumi litolewe hata kama linaonekana jipya. Mimi la zaidi ya miaka sita sifungi kwenye gari la mzigo.

Kisha pitisha ukucha ndani ya mifereji na pale ubavu unapokutana na kashata. Ukihisi mipasuko midogomidogo, rudisha. Ingiza mkono ndani, zungusha pote: kiraka ubavuni, mchirizi uliovimba, unga mweusi wa mpira uliosagika, chochote katika hivyo kinatosha kuliacha. Unga ule unasema tairi lilitembezwa bila upepo.

Halafu kuna hili la Japani ambalo wauzaji hawalisemi. Baadhi ya matairi yale ni ya theluji. Yameandikwa STUDLESS, au yana picha ya mlima yenye chembe ya theluji ndani, na kashata yake imechanjwa vimistari vingi kama kitana. Mpira wake umefanywa laini ili ushike barafu. Kwenye lami ya Tanga saa saba mchana unayeyuka mbele ya macho yako, na ukifunga breki gari linayumba. Picha ya mlima peke yake unaweza kuikuta hata kwenye A/T nzuri, yaani tairi la njia za kila aina, lakini ukiona STUDLESS, achana nalo.

Nachukua maziwa kwa wafugaji ndani ya Narok, udongo mweusi, mvua ikinyesha ni matope matupu. Niweke matairi ya M/T, yale ya matope? (Msomaji wa Kenya)

Jiulize mwaka mzima unatembea wapi. Ikiwa robo tatu ya njia ni lami na changarawe, A/T inakutosha. M/T ina vinundu vikubwa vyenye nafasi pana, hujisafisha tope vizuri, lakini kwenye lami yenye maji hushika kidogo, breki inachelewa, inapiga kelele na kuisha haraka. Kama njia yako ni matope miezi mingi, weka, lakini endesha ukijua hilo unaporudi barabara kuu. Udongo ule mweusi ukishashiba maji huziba tairi lolote, hata M/T, na hapo seti ya minyororo na koleo ndivyo vitakutoa.

Shikamoo fundi. Pesa yangu inatosha matairi mawili tu. Niyafunge mbele kwa sababu ndiko kuna usukani? (Mama muuza maji, Dodoma)

Marahaba, mama. Yafunge nyuma. Tairi la mbele likiteleza, gari linaenda moja kwa moja na ukipunguza mwendo linarudi mkononi. La nyuma likiteleza, mkia unakuja mbele, na ukiwa na tangi la maji linalochezacheza huwezi kuurudisha. Tena uzito wako wote uko nyuma. Ila hayo ya mbele yasiwe vipara: ndani ya mifereji kuna vinundu vya alama, kashata ikilingana navyo imebaki milimita 1.6, hapo tairi limekwisha.

Nunua saizi ileile ya mbele, na radiali usichanganye na zile za zamani zinazoandikwa 7.50-16 badala ya 7.50R16. Pikapu yako kama ni ya kuingiza gia ya magurudumu manne, usiiingize kwenye lami kavu, hasa matairi ya mbele yakiwa yamelika na ya nyuma mapya, kwani mizunguko haitalingana na mzigo utakwenda kwenye gia na difu. Ukishafunga, tembea kilomita 50 hadi 100 halafu kaza nati tena. Lililo bora kati ya mawili uliyoyatoa liweke liwe spea, ulijaze upepo, na ushushe ile chini ya bodi uone kama mnyororo wake bado unazunguka.