Bendi changa: miguu kwanza, tarumbeta baadaye

Shule zilipofunguliwa tena baada ya korona, tarehe 10 Januari 2022, nilifungua na stoo ya bendi ya shule yetu hapa Tororo, Uganda. Kwa karibu miaka miwili haikuguswa. Ndani kulinuka popo, ngoma kubwa imepasuka uso mmoja, na tarumbeta saba zimekaa na mate ya mwaka 2020, pistoni, yaani vibonyezo vyake vitatu, zimeganda kama zimetiwa gundi. Vyombo hutengenezeka. Kilichoniuma ni watu. Bendi ya shule hurithishwa, kaka na dada wa madarasa ya juu huwashika mkono wadogo, na mwalimu hupitia kurekebisha tu. Safari hii waliojua walikuwa wameshamaliza, wengine wameolewa, wengine wako Malaba mpakani wanapakia maroli. Nilibaki na watoto 26, wengi wa kidato cha kwanza na cha pili, na watano tu ndio waliowahi kupuliza chochote.

Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa bendi kama hiyo, nakuandikia wewe.

Nilianza vibaya. Niliandika nyimbo sita ubaoni kwa sababu tulikuwa tukipiga sita miaka ya nyuma, nikawafanyisha mazoezi kila jioni saa nzima bila kupumzika. Siku moja msichana mdogo wa kidato cha kwanza alinifuata ofisini. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba, una alama ya duara iliyoiva. Hakuja kulalamika. Aliniambia, "Mwalimu, nitaweza, usinitoe." Sikulala vizuri usiku ule.

Midomo ni misuli, nayo huchoka upesi kuliko miguu. Mtoto aliyechoka midomo hukandamiza chombo usoni ili sauti itoke, na hapo ndipo anapoumia na kujifunza tabia itakayomsumbua miaka. Kwa hiyo nikabadili: dakika tano za kupuliza, dakika tano chombo kiko magotini na mtoto anaimba sehemu yake kwa solfa, yaani do, re, mi, fa, so. Usione kuimba ni kupoteza wakati. Tarumbeta isiyobonyezwa pistoni hata moja hutoa noti kadhaa, na kinachochagua ni midomo na sikio. Asiyeweza kuipata so kwa koo lake ataitafuta kwenye shaba mpaka muhula uishe.

Nyimbo zikabaki tatu: wimbo wa taifa, wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na machi moja, yaani wimbo wa gwaride. Wimbo wetu wa taifa, kazi ya George Kakoma, ni mfupi mno, na ufupi huo ndio ugumu wake. Ukikosea mwanzo, umeshafika mwisho kabla hujajirekebisha. Tuliupiga polepole wiki nyingi.

Kuhusu miguu, nilisaidiwa na mzee mmoja mstaafu wa bendi ya jeshi, ambaye watoto walimwita Afande. Alikataa kabisa watembee na vyombo. Wiki tatu walitembea mikono mitupu kwenye uwanja wa muramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, ngoma kubwa peke yake ikipiga kila mguu wa kushoto unapotua. Amri zote kwa Kiswahili: mbele tembea, nyuma geuka. Hapa kwetu mmoja ni Mteso, mwingine Mjapadhola, mwingine Msamia, na amri moja fupi iliwaunganisha. Aliwafundisha kutua kisigino kwanza kisha kuviringisha wayo hadi vidoleni. Anayetua kwa kishindo hujigonga meno na chombo chake, na noti hukatika. Alipowaruhusu kubeba tarumbeta, hakuna aliyekuwa anaangalia miguu tena.

Jambo la stoo, kwa kuwa limewagharimu wengi. Pistoni zina namba 1, 2 na 3. Mtoto akiniletea tarumbeta akasema imekufa, haipitishi pumzi, nafungua na mara nyingi nakuta ya pili imeingizwa nyumba ya kwanza. Iliyoganda itie mafuta yake, iache ilale usiku mzima, kesho uijaribu taratibu. Sehemu ya kupulizia ikikwama usiiguse kwa plaizi, utapasua bomba. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, na anayepokezana chombo na mwenzake aoshe sehemu ya kupulizia kabla hajampa. Hilo sikubali mjadala.

Muhula wa tatu ulikuja na mvua zake, na wa kidato cha nne wakaenda kwenye mitihani, nao ndio walioshika tromboni zote mbili. Niliacha sehemu ya tromboni ibaki wazi. Kuna walionishauri niazime wachezaji nje. Nilikataa, maana watoto wangejua kwamba siwaamini.

Tarehe 9 Oktoba, nchi ilipotimiza miaka 60 ya uhuru, tulipiga kwenye sherehe ya kwetu. Uwanja ulikuwa umelowa. Ngoma kubwa ilianza kwa kasi kuliko mazoezi, nikaona mabega ya watoto yanapanda, lakini miguu haikupotea, na tulipofika ubeti wa pili mwendo ulikuwa umetulia wenyewe. Nilisimama kando na macho yangu yamejaa machozi.

Kisha Ebola ikafanya shule zifungwe mapema, tarehe 25 Novemba. Niliogopa stoo itarudi kuwa ile ya Januari. Siku mbili za mwisho sikufundisha wimbo. Kila mtoto alifungua chombo chake, akakiosha, akakitia mafuta na kukifunga kitambaa huku akinieleza anachofanya, kama vile mimi ndiye mgeni.

Mwaka 2023, kidato cha kwanza walipowasili, nilimkuta yule msichana chini ya mwembe na wadogo wawili. Walikuwa wakitetemesha midomo bila chombo. Tarumbeta yake iko kwenye benchi, imefunguliwa, pistoni tatu zimepangwa juu ya kitambaa kwa namba zake.