Stelingi aliyenyongwa

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Tanga hatujambo. Goti la mama yako limetulia na mvua zimeanza.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema ulitembelea gereza la zamani hapo Melbourne, ukaona sanamu ya uso wa Ned Kelly, yule jambazi wa porini wa Australia, iliyochukuliwa baada ya kunyongwa, kisha ukaambiwa kuwa picha ndefu ya kwanza duniani ilimhusu yeye. Ukaniuliza: "Baba, wewe uliyeendesha mashine ya sinema miaka yote ile, inakuwaje mtu aliyeua askari awe stelingi?"

Nimekaa na swali hilo siku nne, maana sikutaka kukujibu kwa haraka.

Nianze na kazi niijuayo. Picha hiyo, The Story of the Kelly Gang, ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 26 Desemba 1906 katika ukumbi wa Athenaeum, mjini hapo ulipo. Charles Tait ndiye aliyeiongoza. Ilikuwa na urefu wa futi zipatazo 4,000. Kwenye mashine yangu, iliyopitisha picha 24 kwa sekunde, mkanda huo ungekwisha kwa dakika 44 tu. Wao walizungusha kwa mkono, taratibu, ukapita saa nzima. Zama hizo picha nyingi zilikuwa za dakika chache: treni inaingia stesheni, mtu anamwagiwa maji, basi, taa zinawashwa. Kumweka mtu kwenye kiti saa nzima kwa kisa kimoja lilikuwa jambo geni kabisa.

Tunaziita picha bubu, lakini ukumbi haukuwa kimya. Palikuwa na mtu wa kueleza, kama wale wanaotafsiri picha kwenye mabanda ya video hapa kwetu, na nyuma ya pazia watu waligonga vifuu vya nazi kuiga kwato za farasi na kupiga risasi za baridi. Vifuu vya nazi, mwanangu! Niliposoma hayo nilitamani ningekuwapo.

Sasa huyo Ned. Baba yake alikuwa Mwairishi aliyesafirishwa kama mfungwa kuletwa Australia, akafa mapema, mama akabaki na watoto wengi na kishamba cha shida. Aprili 1878 polisi mmoja alifika nyumbani kwao kumkamata Dan, mdogo wake Ned, kwa kesi ya wizi wa farasi. Pakatokea vurugu ambayo kila upande uliisimulia kivyake, na mwisho wake mama yao, Ellen, akafungwa miaka mitatu, kitoto kichanga mkononi. Jaji aliyemfunga, Redmond Barry, ndiye huyo huyo aliyekuja kumhukumu Ned kifo.

Oktoba mwaka huo huo, kwenye kijito cha Stringybark, Ned na wenzake waliwavamia polisi waliokuwa wakiwasaka. Watatu wakafa: Kennedy, Lonigan na Scanlan. Nakuandikia majina yao kwa makusudi. Kennedy na Lonigan waliacha wake na watoto, na hakuna mkanda wowote, hata ungekuwa mzuri namna gani, unaoweza kuwafuta machozi hao. Kwa hiyo usidhani baba yako anamtetea.

Baadaye waliiba benki Euroa, kisha Jerilderie. Hapo Jerilderie, Februari 1879, Ned aliacha barua ya maneno zaidi ya 7,000, akieleza kwa hasira mateso ya mama yake na watu wa aina yake mikononi mwa polisi. Alitaka ichapishwe, watu wasome. Haikuchapishwa. Ilibaki mikononi mwa wakubwa, na watu wa kawaida hawakuisoma nzima hadi 1930.

Jibu langu liko hapo. Walioketi Athenaeum walikuwa watu wa miaka 26 tu baada ya kunyongwa kwake. Ellen mwenyewe alikuwa bado hai. Walikwisha kusikia upande wa mahakama na wa magazeti. Siamini kwamba walilipa kiingilio wakashangilie damu. Naamini walikwenda kuona upande ulionyimwa karatasi.

Nilikuwa nikiwatazama watu kupitia kitundu cha chumba cha mashine. Adui akipigwa, kelele na miluzi. Lakini stelingi akizidiwa, ukumbi mzima unanyamaza, nasikia meno ya mashine yakivuta mkanda. Mtu hukaa kimya namna ile kwa ajili ya yule aliyemjua, awe mwema au asiwe.

Serikali iliogopa kimya hicho. Aprili 1907 picha ilipigwa marufuku Benalla na Wangaratta, miji ya huko huko alikotembea Ned, na kufikia 1912 majimbo ya New South Wales na Victoria yalikuwa yamezuia picha zote za majambazi wa porini. Mkanda wenyewe ukaharibika, kwa kuwa filamu za wakati ule zilikuwa za nitrati, huoza na kushika moto upesi. Leo, kati ya saa nzima na zaidi, zimebaki dakika 17 hivi. Kipande kimoja kiliokotwa jalalani.

Bahati yake, pambano la mwisho la Ned na polisi, pale Glenrowan Juni 1880, limesalia. Ned anatoka mitini amevaa chuma kilichofuliwa kutoka majembe ya plau, uzito wa kilo 44 hivi, kichwa kama ndoo iliyopinduliwa. Miguu haikuwa na kinga, na hapo ndipo walipompiga. Mkanda umeoza, mabaka meupe yanachezacheza juu ya mwili wake, huwezi kujua lipi ni moshi wa bunduki na lipi ni ukungu. Mimi niliyeunganisha mikanda iliyokatika maisha yangu yote, mabaka yale yaliniuma kuliko risasi.

Ukumbi wa Athenaeum bado upo, Collins Street. Ukipata nafasi, pita hapo unipigie picha ya mlango na ya ngazi. Na zile dakika 17, niwekee kwenye flashi umpe anayekuja Desemba. Nataka kuziangalia na mama yako kwenye televisheni, taa zimezimwa, na vifuu vya nazi nitavitafuta mwenyewe.

Baba yako